Kaimu wa Miaka Saba

Pale hospitalini kwetu kila mtu ana jina la pili, na mengi nimeyatoa mimi. Mimi mwenyewe naitwa Redio, na sikasiriki, kwa sababu ni kweli. Kazi ya uuguzi ni ya kusimama. Unasimama tangu asubuhi, visigino vinawaka moto, umetapikiwa, umetukanwa na mgonjwa, umetukanwa tena na shemeji yake mgonjwa, halafu unaingia chumba cha chai dakika kumi. Ukikosa neno la kumpa mwenzio hapo mtatazamana kama mbuzi wa mnadani. Basi mimi neno silikosi. Nyumbani ni vivyo hivyo. Viti vyangu havijawahi kutosha watu, majirani wanakalia ndoo zilizofunikwa, na baba watoto husema kwetu si nyumba, ni kituo cha habari kisicho na leseni.

Jina la Mama Kaimu nililitoa mimi pia, na wakati ule lilikuwa mzaha tu.

Muuguzi Mkuu wa zamani alipostaafu, Mama aliandikiwa barua ya mistari minne: akaimu nafasi hiyo kwa miezi mitatu, wakati taratibu za kumpata mwenye nafasi zikiendelea. Taratibu zikaendelea. Zikaendelea miaka saba. Katika miaka hiyo mimi nimezaa mara mbili na wote wameanza shule, paa la wodi ya watoto limeezuliwa na upepo na kuezekwa upya, Mkurugenzi mmoja ameondoka na mwingine amekuja, na Mama bado anasaini "Kaimu". Hata meza kubwa ya ofisi ile hakuikalia. Aliweka kimeza chake pembeni karibu na dirisha, na kiti cha mbao, akasema, "Ile ina mwenyewe." Ukiingia humo ulikuta meza kubwa inang'aa haina kitu juu yake, na mtu mzima amejikunja pembeni, makaratasi yamemfika kidevuni.

Lakini hospitali aliiendesha yeye. Ratiba ya zamu ya wauguzi mia moja na arobaini aliipanga kwa penseli, ufutio mkono wa kushoto, kwa sababu alijua mambo yasiyoandikwa popote. Huyu ana mimba changa hajasema, asipangwe wodi ya kunyanyua watu wazito. Hawa wawili wanagombea mwanamume mmoja, wasikutane zamu moja wakaja kuchanganya dawa za watu. Yule mama yake anasafishwa figo kila Jumanne. Ukimwuliza amejuaje, anasema, "Nina macho." Mimi nilikuwa na mdomo, yeye ana macho, tukawa tunapatana hivyo.

Sasa siku moja tangazo likabandikwa ubaoni karibu na mapokezi. Muuguzi Mkuu, nafasi moja. Nilimkuta Mama amesimama pale amevaa miwani, anasoma kwa kidole.

"Mama, ndiyo hiyo!" nikasema. "Safari hii ni yako."

"Soma mstari wa mwisho."

Nikasoma. Mwombaji asizidi umri wa miaka hamsini siku ya kufunga maombi.

"Una ngapi?" nikamwuliza, na mimi nilikuwa najua.

"Siku ya kufunga nitakuwa nimebakiza wiki tisa." Akavua miwani. "Wamenipimia kama kanzu, we Redio. Nikiikosa hii hakuna nyingine. Nitazikwa kaimu."

Alisema kwa kucheka, na mimi nikacheka, lakini vidole vyake vilikuwa vinafuta miwani ambayo haikuwa na uchafu.

Lazima nieleze kilichotokea mara ya kwanza, maana ndicho kilichonitia wazimu. Miaka minne nyuma nafasi ilitangazwa, Mama akaomba, akafanya usaili. Majibu yakaja: hakupatikana mwenye sifa, kwa hiyo Mama aendelee kukaimu. Elewa hapo. Sifa za kupewa kazi hana, za kuifanya anazo. Tukauliza sababu kwa njia zetu, na njia zetu ni Mama Mihuri, katibu muhtasi wa Mkurugenzi, anayepiga mihuri barua zote na kuzisoma kabla hajazipiga. Akatunong'oneza: wamesema ni mkali mno. Hana ulaini wa kimama. Wauguzi watamwogopa.

Ukali wenyewe ulikuwa huu. Daktari wa upasuaji alitoka kula, akaja wodini na msururu wa wanafunzi nyuma yake, akataka kufunua kidonda cha mtu. Mama akasimama mbele ya kitanda. "Nawa mikono kwanza, daktari." Daktari akacheka. Mama hakucheka. "Bomba lile pale, na sabuni ipo." Alinawa, wanafunzi wakaangalia viatu vyao. Basi hilo likamfuata miaka minne. Daktari yule mwenyewe huwa anawafukuza wauguzi chumba cha upasuaji kwa kuwarushia makasi, na sifa yake ni kwamba ana msimamo.

Mshindani wa Mama safari hii naye alikuwa mwenzetu. Muuguzi, kijana wa miaka thelathini na nne, mrefu, sauti ya kutangaza mpira. Jina lake la pili hatukulitoa sisi, walilitoa wagonjwa. Wanamwita Daktari. Akiingia wodini na trei ya sindano, ndugu wa mgonjwa wanasimama wima: "Daktari, shikamoo, mzee wetu anaendeleaje?" Nyuma yake anaingia Mama, mwenye miaka ishirini na sita kazini, wanamwambia, "We sista, hili shuka limelowa." Mwanzo Daktari alikuwa anawasahihisha. "Mimi si daktari, mimi muuguzi." Wanamjibu, "Sawa, daktari." Akachoka, akaacha.

Kijana mbaya hakuwa, niseme ukweli. Kutafuta mshipa wa mtoto mchanga alifundishwa na Mama, mkono juu ya mkono. Mwaka wa pili akapewa usimamizi wa wodi, eti kwa sababu ana nguvu za kunyanyua. Mwaka wa nne akaingizwa kamati ya dawa. Jumamosi anacheza mpira na Mkurugenzi na mhasibu, na hapo uwanjani, wakiwa wamekaa nyasini wanakunywa maji, mambo mengi ya hospitali yetu huwa yameshaamuliwa kabla ya Jumatatu. Sisi Jumamosi tunafua.

Na usidhani sisi wanawake tulikuwa tumesimama na Mama kama ukuta. Chumba cha chai siku ile ya tangazo kilijaa, na jina la Daktari lilikuwa limeshavuja. Mama Mapacha wa wodi ya wazazi akasema waziwazi:

"Mimi namtaka Daktari."

"Kwa lipi?" nikamvaa.

"Mwanamume atatusemea kwa madaktari. Wanaume wanasikilizana. Mama akisema, wanaona ni kelele."

"Kwa hiyo dawa ya kutosikilizwa ni kuweka mtu anayesikilizwa tayari?"

"Redio, usinifanyie siasa, chai inapoa. Isitoshe Mama ni mkali. Ana roho ya chuma yule. Umewahi kumwona hata analengwa na machozi?"

Watu wakacheka. Na hapo ndipo lilipoanza, kwa sababu mimi nilikuwa nimewahi.

Kulikuwa na mgonjwa mmoja, fundi rangi, alianguka kutoka ghorofa ya tatu akavunjika uti wa mgongo. Alilala kwetu miezi mitano. Mtu asiyejigeuza, usipomgeuza, mgongo unaoza, na Mama alisema hakuna atakayeoza katika hospitali hii akiwa yeye kaimu. Kila baada ya saa mbili fundi aligeuzwa. Tulipokuwa pungufu alikuja Mama mwenyewe kutoka ofisini akavua saa, akapandisha mikono. Fundi alikuwa mtani wake. "Mama, nikipona nitakupakia ofisi yako rangi." "Usije ukaniangukia." Miezi mitano, na mgongo wake haukuwa na hata kidonda cha ukubwa wa kifungo. Halafu mapafu yakamshinda, akafa alasiri moja, saa ya kuona wagonjwa, mkewe akiwa bado yuko langoni na chakula.

Mama alimwosha. Akamfunga. Akampokea mke, akakaa naye mpaka ndugu wakaja. Akajaza fomu zote. Mimi nikaenda chumba cha kuoshea vyombo vya haja, kule nyuma, nikasukuma mlango, nikamkuta. Bomba lilikuwa linamwagika kwa nguvu zote ili asisikike. Ameshika ukingo wa sinki kwa mikono miwili, mabega yanaruka. Sijapata kuona mtu mzima analia vile. Aliponiona alifunga bomba, akajifuta kwa kiwiko.

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu, Mama."

"Haya. Osha vyombo vyako."

Nilikaa na jambo lile miaka miwili, na kwa mtu kama mimi miaka miwili ni kama kufunga ramadhani mbili mfululizo. Sikumwambia hata baba watoto. Lakini siku ile, Mama Mapacha alipotamka roho ya chuma na watu wakacheka, nikaona mwanga. Wamemnyima kwa sababu ya ugumu. Basi wajue. Wakijua ana machozi kama mama yeyote, watabaki na sababu gani?

Nikawahadithia. Na kuhadithia najua. Nilipofika kwa mke aliye langoni na chakula, Mama Mapacha aliweka kikombe chini. Nilipofika kwenye bomba, alikuwa anatafuta kitambaa.

"Masikini, kumbe!" akasema. "Kumbe mwenzetu naye ni mtu."

"Ndiyo nawaambia!"

Kesho yake nikampelekea Mama Mihuri. Sikumwambia "peleka", hakuna haja. Ni kama kuweka barua kwenye sanduku. Nikarudia kwa mhudumu wa maabara, kwa mlinzi, kwa dereva wa gari la wagonjwa. Wiki mbili nilifanya kampeni ambayo mbunge angenilipa. Na ilifanya kazi, nakuambia! Watu walianza kumsalimia Mama kwa sauti ya pole. Msafishaji mmoja alimshika mkono koridoni akamwambia, "Mungu akutie nguvu, Mama." Mama akaja kuniuliza, "We Redio, nimefiwa?" Nikamwambia watu wanakupenda tu. Akaniangalia. Alikuwa na macho, nimeshasema, lakini siku zile alikuwa anasomea usaili, anapanga ratiba, ana wauguzi sita wanaumwa, akaliacha lipite.

Siku ya usaili alivaa sare mpya, viatu vyeusi vilivyopigwa rangi mpaka unajiona. Tulimsindikiza mpaka ngazi za ghorofani. Mama Mapacha, yule yule, alimtengeneza kola.

"Nenda kachukue chako, Mama."

Aliitwa wa kwanza. Akakaa dakika arobaini. Alipotoka, alishuka ngazi, akatupita kama watu wasiojuana. Akaingia wodi ya wanaume akaanza kukagua dripu.

Mimi sikuweza kungoja. Mapumziko ya mchana nilikuwa kwa Mama Mihuri, ambaye ndiye aliyekaa pembeni kuandika kumbukumbu za usaili.

"Funga mlango," akaniambia. Hakuwa na ile raha yake ya kutoa habari. "Walikaa wanne. Mkurugenzi, mhasibu, mzee mmoja wa bodi anayesinzia, na yule bibi afisa utumishi."

"Afadhali kulikuwa na mwanamke mwenzetu."

"Maliza kusikia kwanza ndiyo useme afadhali. Walimwuliza ratiba, akajibu. Wakamwuliza vifo vya mwaka, akavitaja wodi kwa wodi bila karatasi, mpaka mzee wa bodi akaamka. Yule bibi akauliza, 'Mumeo anaionaje nafasi hii yenye safari nyingi?' Mama akamwambia, 'Mume wangu ananiona nakaimu mwaka wa saba, hana jipya la kuona.' Mhasibu akacheka. Nikasema moyoni, leo kashinda."

"Halafu?"

"Halafu Mkurugenzi akaweka kalamu chini. Akasema, 'Sista, tunasikia mambo ya wagonjwa yanakuelemea. Tunasikia huwa unajifungia unalia.'"

Nikakalia kiti cha wageni.

"Huwa?" nikasema. "Ilikuwa mara moja."

"Ilipofika kule juu ilikuwa kila mara. Yule bibi akadakia. Ndiye aliyekuwa na maneno matamu kuliko wote. 'Dada yangu, mimi ni mwanamke, najua. Tuna mioyo mizito. Lakini nafasi hii inataka mtu imara. Hatutaki tukuumize.'"

"Mama akasemaje?"

"Aliwatazama mmoja mmoja. Akauliza, 'Nani amewaambia?' Bibi akasema, 'Hospitali nzima inajua.' Mama akasema, 'Nililia mara moja. Nilikuwa nimeshamaliza kazi.' Basi. Hakusema tena kitu, na wao hawakuuliza tena kitu."

Nilitaka kuondoka, Mama Mihuri akanishika gauni.

"Kaa, bado. Akaingia Daktari. Wakamwuliza, udhaifu wako ni upi? Unajua alijibu nini? Akasema, 'Kwa kweli, mgonjwa akifariki mimi huumia sana. Mara nyingine machozi hunitoka mbele za watu.'"

"Alisema hivyo?"

"Kwa mdomo wake. Yule mzee wa bodi akaitikia kwa kichwa akasema, 'Hiki ndicho tunachokikosa. Kiongozi mwenye moyo.' Bibi akasema, 'Na mwanamume kulikubali hilo hadharani, si jambo dogo.' Nimeyaandika yote mawili, Redio. Karatasi moja. La Mama juu, la Daktari chini. Niliyaandika kwa mkono huu."

Barua ilitoka siku nane baadaye. Daktari amepata. Barua ya Mama ilikuwa ya mistari minne, kama ile ya kwanza: anashukuriwa kwa kukaimu, na anaombwa kumkabidhi ofisi mteule ndani ya wiki mbili, "kwa moyo wake ule ule wa kujitolea". Mama Mapacha alishangilia kidogo koridoni, halafu akaona nyuso zetu, akasema, "Lakini na Mama naye wangemtafutia kitu, jamani." Kitu gani, hakusema.

Mimi nikaanza kumkwepa. Nikiona kivuli chake najifanya nahesabu shuka. Nyumbani nikawa siongei, wageni wakaanza kuondoka mapema, baba watoto akaniuliza kama naumwa jino. Siku ya nne nikasema liwe liwalo, nikaenda ofisini.

Nilikuta anamfundisha Daktari ratiba. Wamekaa kwenye kile kimeza cha pembeni, magoti yanagongana, meza kubwa bado tupu. Daktari alikuwa ameinamisha kichwa kama mtoto aliyevunja sahani.

"Mama, mimi sikuomba," alikuwa anasema. "Nilipigiwa simu nijaze fomu. Niliambiwa tu jaza."

"Ungeweza kukataa?"

Akafikiri. "Mke wangu anajifungua mwezi ujao."

"Basi hukukataa. Shika penseli. Huyu hapa usimpange na huyu."

"Kwa nini?"

"Wewe usimpange tu. Ukianza kuuliza kwa nini, utataka kuwapatanisha, na utaishia na wagonjwa watatu badala ya wauguzi wawili."

Akaandika. Mama akamsogezea ufutio. Walipomaliza mwezi mzima, Daktari alisimama, akairudisha penseli, akatoka. Tukabaki wawili.

"Mama," nikasema. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"La kulia. Nililisema mimi. Mara ile walikunyima kwa sababu ya ukali, nikasema wakijua kwamba na wewe una..." Nikaanza upya. "Nilitaka kukusaidia."

Alikuwa anapanga karatasi, hakuacha kuzipanga.

"Nilijua palepale kwenye kiti cha usaili. Kule kwenye sinki siku ile tulikuwa wawili tu, na mimi sikumwambia mtu."

"Mbona hukunitukana?"

"Nikutukane ili iweje?"

"Mama, nimekuponza. Miaka saba, na mimi nimekuponza kwa siku kumi na nne za umbea. Nisemee maneno mabovu basi, nipige hata kofi."

Hapo akaacha karatasi. Akanitazama, na nikatamani asingenitazama, maana hakukuwa na hasira mle. Hasira ningejua la kuifanya.

"Usijipe ukubwa, mdogo wangu. Akufukuzaye hakuambii toka. Mara ya kwanza niliingia chumba kile nikiwa jiwe, wakasema jiwe halifai. Safari hii nimeingia nikiwa maji, wakasema maji hayafai. Ungewapelekea jingine, wangenikuta moshi. Wewe hukuninyima kitu. Wewe umewapunguzia tu kazi ya kutafuta la kusema."

"Kwa hiyo hata nisingesema?"

"Hata usingesema."

Nilikuwa nimekuja na mzigo wangu wa dhambi nikitaka nisamehewe au nihukumiwe, na yeye akaniambia kwamba mzigo wenyewe haukuwa na uzito. Sijui kama kuna mtu amewahi kunivunja vile. Ingekuwa ni mimi, basi dawa ingekuwepo: ningefunga mdomo, na mwanamke mwingine baada yake angepita. Lakini kama si mimi, ni nini sasa? Unafunga nini?

Nikalia mimi. Yeye hakulia. Akanipa karatasi ya kufutia, akangoja nimalize kama anavyongoja dripu iishe.

"Nina ombi," akasema. "Nikiwa bado ndani ya geti hili, usinizungumzie tena. Si kwa ubaya, si kwa uzuri. Hasa kwa uzuri."

"Nakuahidi, Mama."

"Na usinitetee."

"Sitakutetea."

Alipotimiza hamsini alikuwa kliniki ya vidonda, chumba cha mwisho koridoni, anafunga bandeji tangu asubuhi mpaka saa tisa, zamu akipangiwa na ratiba aliyoifundisha. Ofisini meza kubwa ilijaa mafaili, ua la plastiki, na picha ya mtoto wa Daktari. Kile kimeza kilipelekwa stoo. Miezi ya mwanzo Daktari alikuwa anakuja kliniki kumwuliza hili na lile, amesimama mlangoni, "Samahani Mama, hapa ningefanyaje?" Mama anamwambia bila kuinua kichwa kwenye kidonda. Kisha hospitali ikasifiwa na wakaguzi kwa mpangilio wake mzuri wa zamu, Daktari akaalikwa kwenda kuwaeleza wenzake wa hospitali nyingine namna anavyofanya, na maswali yakapungua. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa ameshasahau ni lipi lake na lipi aliambiwa.

Wauguzi wapya wakaajiriwa, mabinti wa juzijuzi, hawakumkuta Mama ofisini. Wao walimjua tu kama yule mama mzee wa bandeji asiyekuja kunywa chai na wenzake. Na chumba cha chai hakikubali kitu kisichoelezwa. Siku moja nimekaa nakoroga kikombe changu, binti mmoja akaanza:

"Eti yule mama wa vidonda alikuwa bosi hapa? Alifanyaje hata wakamtoa?"

"Mimi nilisikia ni dawa," mwingine akajibu. "Alikuwa anauza dawa za wodini."

"Dawa? Mimi nimeambiwa alikuwa anakunywa. Eti walimkuta kajifungia kule nyuma kwenye vyombo vya haja, hajiwezi."

Kijiko kikasimama kikombeni. Nilikiona kila kitu palepale: bomba, mabega, fundi rangi, mke aliyeko langoni na sufuria yake. Nilikuwa nayo yote mdomoni, ilikuwa moto, na ningewahadithia vile ninavyojua mimi wangelia wote kabla chai haijaisha. Mama Mapacha, aliyekuwa anajua nusu, alinigeukia.

"Redio, mjuzi wa mambo ni wewe. Ni kweli hayo?"

Chumba kizima kikaninyamazia, wanangoja. Miaka yote ile, hakuna kitu nilichokipenda duniani kuliko chumba kilichojaa watu kikininyamazia hivyo.

"Sijui," nikasema.

Yule binti akampiga mwenzake kiwiko. "Basi ni kweli. Ingekuwa uongo Redio angebisha."

Dakika kumi zikaisha, tukaosha vikombe, tukarudi wodini.